Baada ya Amina: Jinsi ya Kuomba na Watu Majumbani Mwao

Timu za misheni zinazokwenda vijijini Usukuma katika likizo ya vyuo hufuata ratiba inayofanana sana. Alfajiri kuna maombi ya pamoja. Ikifika saa nne vijana wanagawanywa wawili wawili au watatu watatu kwenda nyumba kwa nyumba, alasiri kuna mkutano wa hadhara uwanjani, na usiku huonyeshwa sinema ya Yesu. Kila kundi linapewa mwenyeji kutoka kanisa la mtaa na daftari la kuandikia majina. Mahubiri ya uwanjani yanaandaliwa kwa wiki nyingi, kwaya inafanya mazoezi, vyombo vinakodiwa. Kuomba na watu majumbani mwao, kazi inayogusa familia nyingi kuliko zote, huachiwa kila mtu aifanye atakavyojaliwa.

Kwa kawaida huenda hivi. Hodi inapigwa, wageni wanakaribishwa, vigoda na mkeka vinatolewa, shikamoo na habari za nyumbani zinachukua nafasi yake. Msimu wa pamba watu wazima wengi wako shambani, kwa hiyo anayepatikana ni bibi na wajukuu, au mama aliyebaki na mgonjwa. Kiongozi wa kundi anasoma neno, mwenzake anatoa ushuhuda, kisha mama anaulizwa ana hitaji gani aombewe. Anajibu, "Afya tu, na watoto wasome." Macho yanafumbwa, wanaomba, wanasema Amina, jina linaandikwa, wageni wanasimama.

Kosa la kiufundi liko hapo wanaposimama. "Afya tu" ni jibu la adabu. Hakuna mama atakayemweleza kijana aliyemfahamu robo saa iliyopita kwamba mumewe aliondoka kwenda machimboni na hajaleta habari tangu masika. Lakini akishaombewa kwa upole, na kwa jina lake, moyo hulegea. Waliokaa muda mrefu katika huduma hii wanalifahamu neno linalofuata: "Lakini watumishi, kuna jambo jingine." Hutoka wakati mama anawasindikiza wageni, nusu ya mwili wake ikiwa imeshageukia ndani. Kundi lenye nyumba nyingine tano za kumaliza halilisikii, na hapo ndipo hitaji lenyewe linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Dawa yake ni kubadilisha mpangilio. Maombi yasingoje mwisho yakawa kama kengele ya kuondoka. Baada ya salamu, waombe kwa ufupi: wamshukuru Mungu kwa nyumba hiyo na waitakie amani, jambo ambalo katika Luka sura ya 10 wale sabini waliotumwa wawili wawili waliagizwa kulitanguliza kabla ya jingine lolote. Kisha wabaki wameketi. Wasifungue daftari. Waulize habari za mvua, za watoto, za aliyelala ndani. Maombi ya pili yatatokana na waliyoyasikia, na yatumie maneno ya mwenye nyumba mwenyewe. Aliyesema mguu unamwaka moto aombewe mguu unaomwaka moto. Mambo ya mataifa na wafalme yana siku yake.

Mfano bora ninaoujua wa kazi hii ni nyumba ya Yairo katika Marko sura ya 5. Nje kuna umati, ndani kuna kilio, na binti wa miaka 12 amelala. Yesu anaanza kwa kupunguza watu. Wanaoingia ni baba, mama na wanafunzi watatu tu. Anamshika binti mkono na kusema naye kwa maneno machache kiasi kwamba Marko ameyahifadhi yote, tena katika lugha ya nyumbani kwao. Kisha anaagiza mambo mawili: habari ile isitangazwe, na mtoto apewe chakula. Kila hatua hapo ni fundisho la utendaji. Timu zetu hufanya kinyume: vijana wanane wanamzunguka mgonjwa mmoja, sauti zinapanda hadi majirani wanasogea uani, na jioni habari yake inasimuliwa kwenye kipaza sauti. Cha kula hakikuulizwa.

Sauti inastahili neno la pekee kwa sababu ya mahali penyewe. Shinyanga na maeneo jirani yana historia chungu ya bibi vizee kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu unaoletwa na miaka ya moshi wa jikoni. Sasa fikiri kundi la wageni linaingia kwa bibi wa namna hiyo na kuanza kukemea roho ya uchawi kwa sauti kuu. Wao kesho kutwa wanapanda basi. Majirani wamesikia, na bibi anabaki. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18 ya sheria za Tanzania, inahesabu kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, lakini hata isingekuwepo, jukumu la waombaji lingekuwa lile lile. Katika nyumba ya mzee, waombe kwa sauti ya mazungumzo, wamtaje kama mama yao, na wambariki majirani wakisikia. Hilo la mwisho laweza kumlinda kuliko tunavyodhani.

Kuwekea mikono nako kuna utaratibu wake. Yakobo, katika sura ya 5, anamwelekeza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Anayeanza ni mgonjwa. Mgeni ambaye hakuitwa inampasa aombe ruhusa, na kijana wa kiume asiweke mkono juu ya mke wa mtu hali dada mwenzake amesimama pembeni. Nyumba ikiwa ya Waislamu, mwenyeji aseme wazi tangu mlangoni wao ni nani na wameleta nini. Wakikataliwa maombi, wamalize mazungumzo kwa heshima ile ile.

Kuhusu dawa sioni nafasi ya mjadala. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na wapo waliokuwa na VVU walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Baada ya kuombea mgonjwa, maneno ya kwanza yawe: endelea na dawa, nenda kliniki siku yako ikifika. Na hali yake isitajwe kwa sauti uani wala isiandikwe daftarini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua habari za afya na za imani kuwa taarifa nyeti, na daftari la misheni huwa limejaa zote mbili.

Jambo moja hufanyika mara chache mno, nami ningependa kuliona kila mahali: mwenye nyumba kuombwa naye aombe. Bibi anayejibu kwa Kiswahili cha shida anaweza kuomba kwa Kisukuma mpaka mwenyeji akashindwa kutafsiri. Wageni wasiofahamu neno hata moja waitikie tu Amina. Wakiondoka, bibi anabaki akijua kwamba maombi hayakuletwa na basi kutoka mjini.

Chanzo cha haraka yote hii ni fomu ya jioni. Inauliza nyumba ngapi zimefikiwa, watu wangapi wamesikia, wangapi wamekata shauri. Vijana ni waaminifu, kwa hiyo wanaleta kile walichoulizwa. Ninyi mnaoandaa misheni za mwaka huu, punguzeni nyumba hadi tatu kwa asubuhi. Ongezeni swali moja kwenye fomu hiyo: nani wa kanisa la hapa atarudi kwenye nyumba hii, na siku gani? Pasipo na jina la kuandika, mwinjilisti wa mtaa aelezwe usiku ule ule, kabla timu haijafungasha vyombo.