Kinjeketile na Kinjikitile

Kijana mmoja wa hapa Utete, asomaye chuo kikuu, alinipa insha yake juu ya vita vya Maji Maji niisome. Lugha yake ni safi. Lakini maneno yote aliyoyatia kinywani mwa mganga wa Ngarambe aliyatwaa katika kitabu kimoja tu, nacho ni mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliopigwa chapa 1969.

Mchezo huo ni mzuri sana, wala sitaki kuupunguzia sifa. Watuonyesha mtu aliyewapa watu neno la kuwaunganisha, kisha neno lile likamponyoka. Mwishoni, vita vimekwisha kushindwa, naye yumo kifungoni, akataa kusema ya kwamba maji yalikuwa uwongo. Lakini Kinjikitile Ngwale wa historia alinyongwa na Wadachi pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza; navyo viliendelea hata 1907. Kosa si la mwandishi, maana mwenyewe ametuonya ya kwamba mtu wake ni wa kubuni. Kosa ni la msomaji aliyeudhania mchezo kuwa ushahidi.

Nikamwuliza, "Je, maktaba hukuingia?"

Akajibu, "Niliingia, Mwalimu. Nilitafuta jina lake, nikapata mchezo tu."

Basi hapo ndipo penye shida. Alitafuta kwa herufi za mchezo, hali mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliandika Kinjikitile. Tena hakutafuta kwa jina la vita vyenyewe. Angalifanya hivyo, angaliweza kufikia habari zilizokusanywa 1968, wanafunzi wa chuo kikuu walipokwenda vijijini kuwauliza wazee na kuyaandika majibu yao. Nao walikuwa vijana kama yeye.

Sikumkaripia. Nilimwambia, "Mohoro ni katika Rufiji yetu. Kama alinyongwa kabla ya vita kupamba moto, ni nani aliyeyasema maneno haya uliyoyaandika?" Akanyamaza kitambo, kisha akaomba insha yake arudi nayo.

Ndugu walimu, twawahimiza vijana kuingia maktaba kama tuwanyweshao watoto dawa chungu. Afadhali tuwape swali liwagusalo. Aliyepotelewa na mbuzi wake hahimizwi kutazama nyayo. Yatosha kumwonyesha nyayo za mbuzi na nyayo za paa zatofautianaje.