Nguzo Iliyoachwa Chini

Mwandishi mwingine angeisimamisha. Katika Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando iliyotoka mwaka 1982, kuna kijiji kiitwacho Patata, kuna nguzo iliyolala chini, na kuna wanawake wanaotakiwa kuiinua. Majina yao ni Bi Moja, Bi Pili na kuendelea hadi Bi Nane. Wanashika, wanavuta, wanakatishwa na mambo ya kwao. Mchezo unakwisha nguzo bado iko chini.

Mwongozaji chipukizi akipewa tamthilia hiyo, la kwanza kumhangaisha ni nguzo yenyewe. Itengenezwe kwa kitu gani? Likiwa gogo la kweli, waigizaji watakuwa hoi kabla ya onyesho la pili. Likiwa boksi lililopakwa rangi, watu watacheka. Anayeijua kazi huliweka gogo kando kwanza, akawapa waigizaji kamba tupu. Uzito wautafute magotini, mabegani, kwenye pumzi inayokatwa sekunde moja kabla kamba haijakaza. Wavute hivyo siku baada ya siku hadi mmoja akiachia, waliobaki wayumbe bila kuambiwa. Kuyumba huko ndiko tamthilia. Kila mwanamke anayeondoka, wenzake wanamsikia mikononi, na hadhira inaona hasara yake bila mtu kuhutubia. Maandishi yanayompa mwigizaji kazi ya mwili namna hii huandikwa na mtu aliyewahi kusimama ukumbini akitazama mazoezi.

Na Muhando, ambaye wengi wanamfahamu pia kama Profesa Penina Mlama, alikuwa mtu wa mazoezi. Alizaliwa Berega, Morogoro, mwaka 1948, akaja kufundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake Hatia ilitoka 1972, akiwa kijana bado. Zikafuata Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu na Pambo. Ukizisoma kwa mfuatano unaona mkono ukizidi kuwa mwepesi. Hatia ina mambo ya nyumbani na watu wa nyumbani. Tukifika Nguzo Mama, Bi Msimulizi anakatiza apendavyo na kuzungumza na hadhira moja kwa moja, kama bibi anayetamba hadithi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkono huohuo ulitoka chuoni ukaenda Malya, mkoani Mwanza, katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Wanakijiji walitaja wenyewe yanayowasumbua, mimba za wanafunzi zikiwamo, wakayageuza kuwa maonyesho. Nimetazama michezo mingi ya kuelimisha ambayo mwishoni daktari huingia na koti jeupe kutufafanulia tulichokwisha kukiona. Njia ya Malya ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mwalimu hana mswada wa kujificha nyuma yake.

Mwaka 1996 yeye na mwenzake Amandina Lihamba, mwigizaji na mwongozaji, wakaanzisha mradi wa Tuseme kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Hapa ndipo subira ya ufundishaji inapojaribiwa. Msichana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mwalimu mkuu hafunguki kwa kuulizwa mara moja. Mwongozaji anauliza nini kinawazuia kusoma, kisha ananyamaza, na ule ukimya ni lazima auvumilie, asiujaze kwa majibu yake. Wakishataja wanatafuta chanzo, halafu wanatunga wimbo, ngoma, igizo. Jukwaani yule msichana si yeye tena. Ni mwalimu anayesumbua wanafunzi, ni baba anayepiga hesabu ya mahari. Anasema kwa kinywa cha mwingine yale ambayo kwa kinywa chake yangemletea adhabu. Onyesho likiisha, walimu na wazazi hawaruhusiwi kupiga makofi na kwenda zao. Mjadala unaanza, na waliochezwa wamo ukumbini.

Baadaye Mlama alipokuwa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, Tuseme ilienea katika nchi nyingine za Afrika, hata zisizozungumza Kiswahili. Tamthilia iliyoandikwa Dar es Salaam haikuhitajika huko. Shule zilipelekewa utaratibu, na igizo wasichana wakatunga wenyewe.