Omu Mbili Kati ya Valvu na Klasi D

Mwaka 1985 mhandisi wa Kimarekani, Bob Carver, alitupa changamoto iliyowakera wengi katika biashara ya vyombo vya muziki vya bei mbaya: aletewe amplifaya yoyote, ya bei yoyote, naye ataifanya amplifaya yake ya transista itoe sauti ileile. Jarida la Stereophile likaipokea, likamwita New Mexico na kumpa saa 48. Alichowekewa mezani kilikuwa chombo cha valvu. Jina lake halikutajwa wakati huo, ila baadaye ilijulikana kuwa ni Conrad-Johnson Premier Five, ambayo jozi yake iliuzwa kwa zaidi ya dola 6,000. Na hakuruhusiwa kuifungua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vipimo. Carver aliziingizia amplifaya zote mbili muziki mmoja, kisha akaitoa sauti ya moja katika sauti ya nyingine. Zikifanana kabisa, kinachobaki ni kimya. Zikitofautiana, tofauti yenyewe inasikika peke yake, bila wimbo wa kuificha. Aliendelea kurekebisha chombo chake hadi mabaki hayo yakashuka desibeli 70 chini ya muziki, yaani takriban sehemu moja kati ya 3,000 za volti. Wahariri wakasikiliza katika chumba chao, kwa vyombo vyao wenyewe, wasijue ni ipi inayopiga. Wakashindwa kuzitofautisha.

Amplifaya ya Carver haikuwa ya klasi D. Hata hivyo, njia aliyopita inamfaa sana mtu wa leo mwenye kiamplifaya kidogo cha klasi D kwenye rafu na cha valvu pembeni yake, anayetaka kujua kwa nini havisikiki sawa. Mabaki hayawezi kushuka kiasi kile kwenye spika halisi mpaka jambo moja lilinganishwe: ukinzani wa amplifaya yenyewe pale inapotokea sauti.

Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Valvu kama EL34 hulishwa volti mia kadhaa, na hupenda kuona mzigo wa maelfu ya omu, ilhali spika ni ya omu 4 au 8. Ndiyo maana nyuma ya kila amplifaya ya valvu, karibu bila kukosa, kuna transfoma nzito ya kutolea sauti. Hata baada ya transfoma hiyo, amplifaya nyingi za aina hii hubaki na ukinzani wa omu 1 hadi 3 mlangoni pa spika, hasa zile za valvu moja kila upande, kama za 300B zinazotoa wati 8 hivi.

Spika nayo haina ukinzani mmoja. Ile iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 4 kwenye masafa fulani na kupanda hadi 20 kwenye mengine. Kwa kawaida hupanda kwenye besi ya chini, pale koni inapotikisika kwa urahisi zaidi, na mara nyingi tena karibu na mahali ambapo spika kubwa inaikabidhi kazi ile ndogo. Sasa hesabu ni nyepesi. Amplifaya ikiwa na omu 2 zake, kwenye masafa ya omu 4 spika hupata theluthi mbili tu za volti. Kwenye masafa ya omu 20 hupata zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Pengo hilo ni karibu desibeli 2.7. Besi inavimba kidogo, sauti ya mwimbaji huenda ikasogea mbele, na msikilizaji anasema chombo kina joto. Katika hilo valvu haijaongeza chochote kwenye wimbo. Spika na amplifaya zimegawana volti kwa namna yao.

Klasi D inakwenda njia nyingine kabisa. Transista zake za mwisho huwaka na kuzimika mara laki kadhaa kwa sekunde, na muziki umo katika muda wa kila kuwaka. Kwa kuwa transista haikai katikati, haili umeme mwingi, na ndiyo sababu spika za Bluetooth zinazojaa maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue zinaweza kupiga kutwa kwa betri. Mwishoni, koili na kapasita huchuja ule mpigo wa kasi ili spika ipate muziki mtupu.

Kichujio hicho kilikuwa udhaifu wake wa zamani. Kikipangwa kwa spika ya omu 4 kisha kikafungiwa ya omu 8, sauti nyembamba za juu hupanda. Kinyume chake hushuka. Dawa ni kuchukua mrejesho baada ya kichujio badala ya kabla yake, ili amplifaya iyaone makosa yake yote na kuyasahihisha. Mhandisi Bruno Putzeys alifanya hivyo katika muundo wa UcD alipokuwa Philips, kisha akaufikisha mbali zaidi kwenye amplifaya za Ncore za kampuni ya Hypex. Katika hizi, ukinzani wa kutolea hupimwa kwa sehemu za elfu za omu. Spika ipande, ishuke, volti hazitikisiki. Bodi nyingi za bei nafuu za klasi D bado huchukua mrejesho kabla ya kichujio, kwa hiyo klasi D moja si sawa na nyingine.

Kulinganisha nyumbani kunataka mita ya umeme, mtu wa kusaidia na uvumilivu. Kwanza usawa wa sauti, kwa sababu sikio huipenda ile iliyo juu zaidi hata kwa kiasi kidogo kisichotambulika kuwa ni nyongeza ya sauti. Mlio wa takriban hezi 400 unachezwa, mita inawekwa kwenye terminali za spika, na voliumu zinarekebishwa hadi zilingane ndani ya desibeli 0.1. Kwenye volti 2.83, ambazo ni wati moja kwa omu 8, hiyo ni tofauti ya volti 0.03 tu.

Pili ni swichi, na hapa ndipo watu huunguza vyombo. Bodi nyingi za klasi D husukuma waya zote mbili za spika: terminali nyeusi si ardhi, ina umeme wake. Swichi inayokata waya nyekundu tu na kuziunganisha nyeusi za amplifaya mbili inaweza kuua bodi papo hapo. Lazima ikate zote mbili. Amplifaya ya valvu, kwa upande wake, isiachwe ikipiga bila mzigo, maana volti ndani ya transfoma zinaweza kupanda hadi kutoboa koili. Spika ikiondoka, rezista ya omu 8 yenye wati za kutosha ichukue nafasi yake.

Kisha msaidizi anarusha shilingi na kubadili, na msikilizaji anataja ni ipi inayopiga. Akipata 12 kati ya 16, uwezekano wa kubahatisha kiasi hicho au zaidi ni chini ya asilimia 4.

Jaribio lenye faida kubwa zaidi huja baada ya hapo. Rezista ya omu 2, ya wati 20 au zaidi, inafungwa kwenye waya mmoja wa kila spika upande wa klasi D, na usawa wa sauti unapimwa upya, kwani karibu desibeli 2 zimeliwa na rezista. Sasa klasi D inagawana volti na spika kama ifanyavyo valvu. Zikiwa hazitofautishiki tena, jibu limepatikana kwa kipande cha bei ya soda. Spika yenye ukinzani ulionyooka itaonyesha badiliko dogo; yenye milima na mabonde itaonyesha kubwa.

Kama bado zinatofautishika, kuna mengine ya kufuatilia. Amplifaya ya valvu moja huongeza hamoniki ya pili, yaani oktavu juu ya kila noti. Kwa kiasi kidogo hufichwa na noti yenyewe. Voliumu ikipanda, huongezeka. Ikifika mwisho wa nguvu, kilele cha wimbi mara nyingi hujipinda polepole, wakati klasi D hukikata ghafla. Lakini yenye wati 8 hufika huko mapema sana: ngoma inayodai mara kumi ya nguvu ya wastani inaimaliza wastani ukiwa chini ya wati moja tu. Kwa hiyo jaribio lirudiwe kwa sauti ya chini, kisha ya juu. Tofauti inayotokea kwa sauti ya juu peke yake inaelekea kuwa ya wati kuisha, na hiyo rezista haiwezi kuiiga.