Wote, Si Wote na Hakuna: Uhakiki wa Lugha ya Uthibitisho

Katika shule zetu nyingi yapo mazoea ya kumgawa mwanafunzi mapema. Akishindwa hesabu, huambiwa aelekee kwenye lugha na historia. Akishindwa insha, huambiwa bahati yake iko katika namba. Mazoea haya yamejengwa juu ya dhana kwamba hisabati haina haja ya lugha, na kwamba fasihi haina haja ya hoja. Sisi twaiona dhana hiyo kuwa potofu, na ushahidi wetu tutautoa katika somo ambalo wahakiki wa fasihi hawajazoea kulitupia macho: lile somo la utangulizi ambalo mwanafunzi wa hisabati hulikuta aingiapo chuo kikuu, lihusulo seti, mantiki na uthibitisho.

Somo hilo humshangaza mgeni wake. Huja akiwa tayari kukokotoa, naye hakuti cha kukokotoa. Hutakiwa, kwa mfano, kuthibitisha kwamba namba witiri mbili zikijumlishwa jibu huwa shufwa. Jambo hili alilijua tangu shule ya msingi, na kwa haraka hutoa mifano: 3 na 5 ni 8, 7 na 9 ni 16. Mwalimu humjibu kwamba mifano hiyo, hata ikifika elfu, haijathibitisha kitu, kwa kuwa namba witiri hazina mwisho na yeye amejaribu chache. Yampasa aseme juu ya namba witiri yoyote: kwamba ni jozi kadhaa pamoja na mmoja wa ziada, na zikikutana mbili, wale wawili wa ziada nao huwa jozi, asibaki mpweke. Hoja imekwisha. Aliyeifahamu ameifahamu kwa maneno ya kila siku, na aliyeshindwa ameshindwa kwa maneno hayo hayo.

Mjadala wa Kiswahili na sayansi kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa majina. Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, tumepata seti, shufwa, witiri, namba tasa na mengine mengi, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini mwanafunzi huyo akifika sekondari huambiwa yote kwa Kiingereza, na sababu itolewayo aghalabu ni uhaba wa istilahi. Kwetu sababu hiyo haitoshi. Uthibitisho haushikiliwi na majina makubwa. Hushikiliwa na vijineno kama si, wote, kila, yupo, hakuna, au, ikiwa, basi. Vijineno hivyo havingoji kamati yoyote iviunde. Viko vinywani mwetu, ila hatujavichunguza.

Chukueni sentensi hii: Kila shule ina maktaba. Mwambieni mwanafunzi aikanushe. Wengi wataandika: Kila shule haina maktaba. Wengine wataandika: Hakuna shule yenye maktaba. Majibu yote mawili yamepita kiasi, kwa maana mwenye kusema hivyo amejitwika mzigo wa kuzikagua shule zote nchini. Ukanusho wa kweli ni huu: Ipo shule isiyo na maktaba. Shule moja tu yatosha kuiangusha kauli ya awali. Na hapa Kiswahili chatenda kwa ustadi ambao wenyewe hatuuoni. Tukisema "wanafunzi wote hawakufaulu", msikilizaji huelewa kwamba hakufaulu hata mmoja. Tukisema "si wanafunzi wote waliofaulu", huelewa kwamba wapo waliofeli na huenda wapo waliofaulu. Kule kuisogeza "si" kutoka katika kitenzi hadi mwanzoni mwa sentensi kumebadili maana nzima. Mshairi anayejali mizani hulijua jambo hili kwa sikio. Somo la mantiki humtaka alijue kwa akili.

Vivyo hivyo mpangilio wa maneno. Kila mlango una ufunguo wake: hilo ni jambo la kawaida katika nyumba yoyote. Upo ufunguo mmoja unaofungua milango yote: hiyo ni ndoto ya mwizi. Mwanafunzi asiyetofautisha kauli hizi mbili ataumia sana mbele ya safari, kwa sababu sehemu kubwa ya hisabati ya juu imesimama juu ya tofauti hiyo.

Hatusemi kwamba lugha yetu haina mitego. Neno "au" ni mtego. Katika hisabati hukubali hiki, au kile, au vyote viwili. Katika mazungumzo yetu mara nyingi huwa na maana ya kuchagua kimoja na kuacha kingine. Tulipata kuona, katika ofisi moja tuliyoitumikia, tangazo la kazi lililotaka mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne au uzoefu wa miaka mitano. Karani aliyechambua barua aliweka kando waombaji waliokuwa na vyote viwili, kwa hoja kwamba tangazo lilitaka kimojawapo. Watu walicheka, lakini karani hakuwa mpumbavu. Aliyelitunga tangazo ndiye hakupima neno lake. Mtego mwingine ni kiambishi "ki". Katika "mvua ikinyesha, uwanja hulowa" yamo masharti, na umo wakati pia. Ndiyo maana twapendelea, katika uthibitisho, "ikiwa" na "basi", ili sharti lisimame peke yake. Ikiwa mvua imenyesha, basi uwanja umelowa. Kutokana na hapo tuna haki ya kusema: ikiwa uwanja haujalowa, basi mvua haikunyesha. Hatuna haki ya kusema: uwanja umelowa, basi mvua imenyesha. Huenda mtu ameumwagilia.

Na "nge" nayo ina siri yake. Zipo hoja ambazo mtoa hoja hukubali kwa muda kauli ya mpinzani wake, akaifuata hadi imfikishe kwenye upuuzi. Akianza na "kama ingekuwa", amekwisha kufichua mwanzoni kabisa kwamba haamini. Akianza na "tuseme ni", amemwacha msomaji atembee naye bila kujua watafika wapi. Kwa maoni yetu njia ya pili ni bora, kama ilivyo bora hadithi isiyojifichua katika ukurasa wa kwanza.

Sasa tutazame utungo mmoja mzima. Yapata miaka 2300 iliyopita, huko Alexandria nchini Misri, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina kikomo. Namba tasa, kama tujuavyo, ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kadhalika. Hoja yake ni hii. Nipe orodha yoyote ya namba tasa, iwe ndefu kadiri upendavyo, mradi ina mwisho. Nitazizidisha zote pamoja, kisha nitaongeza 1. Jibu nipatalo ukiligawanya kwa namba yoyote ya orodha yako, litabakiza 1. Lakini kila namba iliyo kubwa kuliko 1 hugawanyika kwa namba tasa fulani. Basi ipo namba tasa iliyo nje ya orodha yako.

Sifa ya kwanza ya utungo huu ni kutumia "yoyote" na "fulani" kila moja mahali pake: orodha ni yoyote, kwa kuwa mpinzani ndiye aichaguaye, namba tasa ni fulani, kwa kuwa mtoa hoja hadai kuijua ni ipi. Sifa ya pili ni kiasi. Wanafunzi wengi, hata na baadhi ya vitabu, huongeza chumvi wakasema kwamba ile namba mpya yenyewe ni tasa. Ni kweli kwa 2, 3 na 5, ambazo hutupa 31. Lakini zidisheni 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ongezeni 1, mtapata 30031, nayo ni 59 mara 509. Si tasa hata kidogo. Ila 59 na 509 zote ni tasa, na zote hazimo katika orodha. Mgiriki huyu alidai kile tu alichoweza kukilipia. Laiti washairi wetu wa malumbano wangekuwa na kiasi hicho, sisi wenyewe tukiwamo.

(Kuhusu jina "tasa" tuna neno moja. Tasa ni asiyezaa, na namba hizi ndizo zizaazo nyingine zote: 60 imezaliwa na 2, 2, 3 na 5. Zinachokosa ni wazazi. Lakini jina limekwisha kukaa vinywani mwa watoto, na hatupendekezi liguswe.)

Je, fasihi yetu yafahamu uthibitisho? Hoja zetu nyingi husimama juu ya methali, na methali ni shahidi wa kila upande: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hata hivyo, kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, chatupa jambo la ajabu. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi na malipo mabaya waliyopewa waliporudi. Msomaji mwenye mantiki atauliza: visa sita vyathibitishaje kwamba nchi haimtendei haki mjumbe yeyote? Je, hilo si kosa la yule mwanafunzi wa namba witiri? Tazameni walikotumwa: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Upande wa saba haupo. Shaaban Robert hakuokota mifano. Alizimaliza pande zote, na wanahisabati huiheshimu njia hiyo, ya kugawa jambo katika hali zake zote na kuzishughulikia moja moja. Wahakiki huusoma mpango huo kama pambo, na wengine wameuona kuwa wa kuchosha. Sisi twausoma kama hoja. Hata hivyo hoja ina ufa: kila upande umepelekewa mjumbe mmoja tu, na upande wenye mjumbe mmoja aliyeonewa wawezekana kuwa na mwingine ambaye hakuonewa. Ufa huo ungefaa kujadiliwa darasani.

Tulisema methali ni shahidi wa pande zote. Katika mantiki hilo ni balaa, kwani mfumo unaokubali kauli na kinyume chake huweza kuthibitisha chochote kile. Balaa hiyo iliifikia nadharia ya seti. Seti ni mkusanyiko wa vitu, na wengi walidhani kwamba sifa yoyote yatosha kukusanya seti. Mwaka 1901 Bertrand Russell wa Uingereza aliona hatari, nasi tutaieleza kwa lugha ya masijala. Yapo madaftari yanayotaja majina ya madaftari mengine. Baadhi hujitaja yenyewe, baadhi hayajitaji. Karani mmoja aamriwa aandike daftari la madaftari yote yasiyojitaja. Je, alitaje na daftari hilo? Akilitaja, limekuwa lenye kujitaja, basi halistahili kuwamo. Asipolitaja, limekuwa lisilojitaja, basi lazima liwemo.

Juni 1902 Russell alimwandikia Gottlob Frege huko Jena, Ujerumani, aliyekuwa ametumia miaka mingi kuijenga hesabu yote juu ya mantiki, na ambaye juzuu yake ya pili ilikuwa tayari mikononi mwa wapiga chapa. Frege hakuficha barua. Juzuu ilipotoka mwaka 1903 ilikuwa na nyongeza ambamo mwenyewe aliwaeleza wasomaji kwamba msingi umetikisika, na kwa nini. Mwaka 1908 Ernst Zermelo alitoa kanuni mpya: sifa peke yake haikusanyi seti, yaweza tu kuchagua vitu kutoka katika seti iliyokwisha kuwapo. Karani wa Zermelo, akipewa amri ile, huuliza kwanza: madaftari ya chumba kipi? Akionyeshwa chumba, huandika yale yasiyojitaja, na daftari lake jipya halimo chumbani humo.