Heshima kwa Mafundi wa Kasri la Greystone

Kasri la Greystone, lililokamilika mwaka 1928 huko Beverly Hills, Marekani, zama sinema zilipoanza kusema, lina vyumba 55, na tajiri aliyeligharimia angali akitajwa. Bali fundi anayepanda paani kutunza vigae vyake vya mawe ya Wales hana amtajaye.

Kigae kikipasuka, fundi hupenyeza chuma chembamba chini ya kigae cha juu, akaukata msumari wa zamani, kisha akakitelezesha kipya mahali pake pasina kuvitikisa vya jirani. Maana akiacha upenyo, maji ya mvua huozesha mbao kimyakimya kwa miaka mingi. Tangu mji uliponunua kasri hilo mwaka 1965, wageni wa bustani na watengeneza filamu hustarehe kwa hisani ya mikono hiyo, nalo deni halijaandikwa daftarini.