Pua ya Waridi
Mwaka 1981, katika ukumbi wa Market Theatre mjini Johannesburg, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema waliigiza Woza Albert!, tamthilia waliyoitunga pamoja na mwongozaji Barney Simon. Ingekuwaje kama Yesu, wanayemwita Morena, angerejea na kushukia katika Afrika Kusini ya makaburu? Serikali kwanza inajitapa naye. Anaposimama upande wa wanyonge, inamfunga Robben Island. Jinamizi hilo lote linabebwa na watu wawili, makasha na nguo kuukuu. Anapohitajika mzungu, mwigizaji mweusi huvuta pua bandia ya rangi ya waridi inayoning’inia shingoni, akaivaa juu ya pua yake, na papo hapo ana amri juu ya mwenzake.

Pua ile ni kilele cha ufundi wa jukwaa. Sheria ya makaburu ya 1950 iliwaandikisha watu wote kwa rangi zao, na penye shaka maofisa waliweza kumchomeka mtu penseli nyweleni waone kama itanasa. Hapo ndipo palipoamuliwa aishi wapi na amwoe nani. Serikali iliyoapa kwamba rangi ni maumbile ilihitaji penseli na mihuri kuithibitisha! Mwanahistoria hulieleza jambo hili kwa kurasa nyingi, na hufanya vyema. Jukwaani, mwili ulioonewa punde tu unageuka mwonevu mbele ya macho yetu, na mtazamaji hana pa kukimbilia: ngozi ni ileile, kilichobadilika ni mamlaka.

Wapo watakaosema kuwa kicheko kinapunguza uzito wa mateso. Kingepunguza, kama kingeishia kwenye pua. Lakini polisi mwenye pua hiyo anamdai mwanamuziki wa mtaani pasi, yaani kibali cha kutembea, na mwanamuziki anaishia gerezani, katika nchi aliyozaliwa. Ukumbi uliokuwa ukicheka unabaki na kifungo hicho mikononi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba igizo linalipa ubaguzi kwa ubaguzi. Jibu limo makaburini, Morena anapowaita wapinzani wa ubaguzi waliokufa wainuke. Anamwita Albert Luthuli, anamwita Steve Biko, na anamwita pia Bram Fischer, wakili aliyezaliwa kaburu na kumtetea Mandela katika kesi ya Rivonia. Tamthilia inayochukia ngozi isingemwita Fischer ainuke pamoja na Luthuli.