Bati, Sikio na Geti: Jinsi Majike Wawili Walivyorudi Uwanja Mmoja

Mbwa wangu Lulu na Popi walikaa uwanja mmoja huku Sahare, Tanga, kwa miezi 14. Walikunywa maji ya ndoo moja, mchana walilala chini ya mwembe mmoja, usiku walilinda ukuta mmoja. Jioni moja, kama saa 12 na robo, bodaboda ilipita nje ya geti, wote wawili wakakimbilia kubweka, na kabla vumbi halijatua Popi alikuwa amemng'ang'ania Lulu shavuni. Nilifanya kosa ambalo wenye mbwa wengi hulifanya mara ya kwanza: nikapeleka mkono shingoni ili nishike mkanda. Lulu akageuka akauma kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kifundo cha mkono wangu.

Hatimaye kilichowatenganisha ni bati. Kipande kilichobaki tulipoezeka banda la kuku kilikuwa kimeegemezwa ukutani; mpwa wangu akakichomeka kati ya vifua vyao, nami nikawamwagia ndoo nzima ya maji usoni. Taya zilipoachia tu, kila mmoja alijikuta upande wake wa bati, haoni tena macho ya mwenzake. Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Mbwa aliyemo katika mapigano hachagui anachouma. Chochote kipana ni bora kuliko mkono: bati, ubao, kiti cha plastiki, hata godoro. Fimbo haisaidii, maana maumivu yanayoongezeka mbwa huona yametoka kwa mwenzake, naye huzidi kukaza. Vyote vikishindikana na watu wakiwa wawili, kila mmoja amshike mbwa wake miguu ya nyuma, juu ya goti, warudi kinyumenyume kwa pamoja, na wasiachie mpaka pawe na mlango katikati. Lakini taya zikiwa bado zimeng'ata, kuvuta kunachana nyama; hapo maji kwanza. Na akivutwa mmoja peke yake, yule wa pili humfuata.

Kidonda changu nilikiosha kwa sabuni chini ya bomba dakika 15, nikiitazama saa, kisha nikaenda hospitali. Anayechomwa chanjo kwenye msuli hupata sindano ya kwanza siku ileile, kisha siku ya 3, siku ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Sikuiruka hata moja. Katika pwani yetu, mbwa mpole akibadilika ghafla, swali la kwanza ni kichaa cha mbwa. Mambo ya tabia huja baadaye.

Ng'ambo ya mkondo wetu, Pemba, kukizuia kichaa hicho kulijaribiwa kisiwa kizima. Mbwa walichanjwa kila mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Uchanjaji ukasimama; mwishoni mwa 2016 virusi vikaingizwa tena mara mbili; chanjo ikarudishwa kisiwa chote, na mlipuko ukazimika Oktoba 2018. Siku ile nilipofungua kabati, kadi ya chanjo ya Lulu ilikuwa hai, lakini ya Popi ilikuwa imepitwa na mwezi mmoja. Niliumia kuiona tarehe ile kuliko nilivyoumia mkono.

Basi tukawatenga, mmoja bandani na mmoja ua wa nyuma, siku 10 chini ya macho ya daktari wa mifugo. Siku hizo 10 zina maana: mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyouma, huonyesha dalili waziwazi au hufa ndani ya muda huo. Sisi tulitazama kama taya inalegea, kama sauti ya kubweka imebadilika, kama miguu ya nyuma inapepesuka, kama anauma hata mawe na vijiti. Wote wawili walikula, walikunywa, walitikisa mkia waliposikia sauti ya mama. Hasira ilikuwa ya mbwa mmoja kwa mbwa mmoja, na hilo peke yake lilikuwa limekwisha kutuambia kitu.

Jioni ya siku ya 3 nyumba nzima tulikaa barazani tukumbuke. Nilikuwa nimeshika daftari. Mama akasema Popi alikuwa na wiki kadhaa akijilaza kizingitini mwa jiko saa ya chakula, na Lulu akizunguka kwa nyuma badala ya kupita. Dada wa kazi akasema Lulu alishamngurumia Popi mara mbili, na mara zote mbili Popi alikuwa akipita upande wa kushoto. Mpwa wangu akasema getini walikuwa wakiumana kidogo kila pikipiki ikipita, ila alidhani wanacheza. Kwa hiyo hapakuwa na mapigano ya ghafla hata kidogo. Yalikuwa yamegawanyika kwenye macho ya watu watatu, na hakuna aliyeyaunganisha.

Upande wa kushoto ndio uliomfanya daktari ainue sikio la Lulu. Ndani palikuwa pamevimba, pana nta nyeusi na harufu. Lulu ana masikio yaliyolala, na tangu utotoni hupenda kuogelea baharini. Sikio la namna hiyo hubaki na unyevu, na uambukizo hukaa humo bila mtu kuona. Mbwa mwenye maumivu ananguruma mapema, na mwenzake mdogo, asiyejua kuna kidonda, anaona ananguruma bure. Dawa ya matone, wiki mbili. Nasisitiza mpangilio huu: kichaa kwanza, maumivu pili, tabia tatu. Anayeanza na tabia atamfundisha adabu mgonjwa.

Majirani walikuja na ushauri ambao huenda umetolewa katika kila ua wa mkoa huu: waache wapigane mpaka mkubwa ajulikane. Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na Rudolf Schenkel, aliyeandika mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. David Mech wa Marekani alilieneza kwa kitabu chake cha 1970, kisha mwaka 1999 akaandika mwenyewe kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, si uwanja wa kugombea kiti. Na majike wawili wa nyumba moja wakiachwa hawamalizi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts wa mwaka 2011 ulichunguza jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana majumbani: jozi 30 zilikuwa za jinsia moja, na mara nyingi aliyeanza alikuwa mdogo au aliyekuja baadaye. Popi alikuwa vyote viwili, tena ana miezi 16, umri ambao mbwa anaacha utoto na kuanza kupima nafasi yake.

Kazi yenyewe ilichukua wiki nane. Kwa wiki tatu za mwanzo hawakuonana kabisa. Asubuhi Lulu alikuwa uani na Popi bandani. Mchana tukawabadilisha, kila mmoja akalala mahali palipokuwa na harufu ya mwenzake. Nilimfuta Popi mgongo kwa kipande cha kanga kuukuu nikakitandika karibu na sufuria ya Lulu, nikafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Siku ya kwanza Lulu alikinusa, manyoya ya mgongoni yakasimama, akaacha kula. Siku ya 6 alikula huku amekikanyaga.

Kisha matembezi, na hapo nilihitaji mtu wa pili. Mpwa wangu alikuwa amerudi shule ya bweni. Nikaenda kwa jirani yangu, mzee mvuvi, nikiwa na wasiwasi wa kumwomba jambo hilo mtu wa swala tano. Baada ya shikamoo nilimweleza yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mate ya mbwa mimi siyagusi. Kamba lakini nitakushikia." Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani hii, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kushika kamba kavu ni jambo jingine, na mbwa wa kulinda wana nafasi yao. Nilimpa kamba ya mita tano ili Lulu asimfikie nguo, na glavu za bustani. Yale masharti yake yalinisaidia mimi. Kamba fupi iliyokazwa humwambia mbwa kuna hatari. Kamba yake ilikuwa ndefu, imelegea, na mkono wake ulikuwa umetulia kwa miaka mingi ya kushika mshipi.

Tulitoka alfajiri maji yakiwa yamekupwa, ufukwe mpana, watu wachache. Tulitembea kuelekea upande mmoja, mita 30 kati yetu, hatukukutana uso kwa uso hata mara moja, kwa sababu kutazamana ndiko kunakowasha moto. Kila Popi alipomtupia Lulu jicho na kulirudisha kwangu, nilimpa dagaa mmoja mkavu. Mzee alimwangushia Lulu dagaa wake mchangani. Kipimo chetu kilikuwa mdomo: ukiwa wazi na ulimi nje, tunasogea hatua mbili, ukifumba, shingo ikakakamaa, jicho likaganda, tunaachana bila kusema neno. Wiki ya 4 tulikuwa mita 30, mwisho wa wiki ya 6 tulikuwa mita 3. Siku mbili tulirudi nyuma kabisa, moja kwa sababu ya mbwa wa mtaani, moja sijaielewa hadi leo.

Chakula kilikuwa rahisi: sufuria mbili, milango miwili, Lulu kwanza, na sufuria zinaondolewa kabla milango haijafunguliwa. Geti tulilifunika kwa mabati, likawa ukuta. Mbwa wawili wanaobwekea kitu wasichoweza kukifikia humgeuzia hasira aliye begani mwao, na hakuna mafunzo yatakayoshinda pikipiki zinazoonekana zikipita kutwa nzima. Tukapanga pia saa: kuanzia saa 11 na nusu jioni mpaka giza liingie, mmoja yuko ua wa nyuma. Utaratibu huo haujaondolewa, na sina nia ya kuuondoa.

Wiki ya 8 tuliwafungua uani bila kamba, mzee akiwa amesimama na kile kipande cha bati, mimi na ndoo. Walinusana ubavuni, wakazunguka mara moja, wakaachana. Adhuhuri nilitazama dirishani. Walikuwa chini ya mwembe, hatua nne kati yao, na upande ambao Lulu alikuwa amempa Popi ni ule wa sikio la kushoto.